Maswali na Majibu: Kabla ya Sindano, Jina

Nimeona tangazo la kozi ya kuwatoa wagonjwa damu ya vipimo, wiki sita na cheti unapewa. Nijiunge? (Arua)

Usijiunge. Swali hili linanifikia kila mwezi na watu hawaachi kuliwa pesa. Hapa Uganda kutoa damu ya vipimo ni sehemu ya kazi ya watu wa maabara na wauguzi. Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza kama chuo kinatambuliwa na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi (Allied Health Professionals Council), linalosajili watu wa maabara. Wakianza kuzungukazunguka, ondoka.

Nimemaliza Senior Four. Nianzie wapi? (Kasese)

Cheti cha maabara, miaka 2. Diploma, miaka 3, ni ya waliomaliza Senior Six. Vyuo vya Mulago na Jinja wanafundisha. Biolojia, Kemia na Fizikia uwe umefaulu.

Niko kwenye mazoezi ya kazi. Damu ikipungua kwenye chupa nyekundu naongezea kutoka ya zambarau. Kwa nini nafokewa? (Mbale)

Umestahili kufokewa. Chupa yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande; ina potasiamu, nayo hukamata kalsiamu. Ukichanganya, potasiamu itasoma juu na kalsiamu chini, na daktari ataanza kutibu moyo usioumwa. Ndiyo maana tunafuata mpangilio: chupa za kuotesha vijidudu kwanza, kisha bluu, nyekundu, kijani, zambarau, mwisho kijivu. Na ule mpira unaofungwa mkononi usipite dakika moja. Wala usimwambie mgonjwa akunje na kukunjua ngumi. Hilo pia hupandisha potasiamu.

Asubuhi foleni ni ndefu. Naweza kuandika majina kwenye chupa mapema? (Jinja)

Hapana. Andika ukishatoa damu, ukiwa bado mbele ya mgonjwa. Nimeona chupa mbili zilizoandikwa mapema zikibadilishana wagonjwa, na tuligundua kwa sababu tu makundi ya damu hayakulingana na ya zamani kwenye faili. Fikiria kama mmoja angekuwa anasubiri kuongezewa damu: damu ya kundi lisilo lake inaua. Usiulize, “Wewe ni Nakato?” Mgonjwa mwenye homa kali huitikia jina lolote, na wadi moja inaweza kuwa na akina Nakato watatu. Mwambie ataje mwenyewe majina yake yote na umri, ulinganishe na karatasi. Kuupata mshipa utajifunza kwa wiki chache. Tabia hii ndiyo wengi wanahitimu bila kuwa nayo, na walimu wanaowapitisha wanakosea sana.

Nimejichoma na sindano iliyotumika, naogopa kusema. (Mbarara)

Sema leo, sasa hivi. Osha kwa maji na sabuni, usiminye kidonda. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na humezwa siku 28. Na kama ulikuwa ukirudishia sindano kifuniko, acha. Chanjo ya homa ya ini B, je, ulipata dozi zote tatu kabla ya kuingia wadi? Kama hukupata, waambie wanaokupa dawa hilo pia.