Matairi manne, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla sijafungua gereji. Unasema mkija likizo mnataka kwenda Kigamboni kupanda zile pikipiki za matairi manne ufukweni, na unaniuliza: si ni salama kuliko bodaboda, maana zinasimama zenyewe? Tena yule mtani wangu wa miaka saba, unaweza kumpakata mbele?

Hilo la mtoto nalijibu kwanza: hapana. Kile kiti kirefu kinawadanganya wengi. Hakikuwekwa kwa ajili ya abiria, kiliwekwa ili dereva apate pa kusogea. Nyingi ya pikipiki hizo ni za mtu mmoja. Ukifika pale tafuta stika ya onyo, hata kama imechubuka: utakuta imekataza kupakia mtu, na zile kubwa zimekataza dereva aliye chini ya miaka 16. Mishikaki ya bodaboda tumeizoea hapa mjini mpaka tunaona kila chenye kiti kinapakia.

Sasa hilo la kusimama yenyewe. Imesimama, kweli, hata kuku anaweza kuatamia juu yake. Kazi inaanza kwenye kona. Bodaboda inalala pamoja nawe, hii hailali. Inabaki wima kama meza, na uzito wote unakimbilia upande wa nje. Halafu nyingi hazina difu nyuma, zile gia zinazoliachia tairi la nje lizunguke zaidi ya la ndani kwenye kona: matairi mawili yanazunguka sawasawa, kwa hiyo inataka kwenda moja kwa moja tu. Anayelala ni wewe. Unasogeza makalio upande wa ndani wa kona, kifua kinafuata. Ukipanda kilima cha mchanga unainama mbele, ukishuka unarudi nyuma. Na mtoto mapajani, utasogea wapi? Ikipinduka, chuma cha kilo 200 na zaidi kinakuja juu yenu wote wawili.

Najua unacheka, baba fundi anaogopa pikipiki. Miaka ile wewe uko bweni, mteja mmoja aliniletea ya kwake hapa Tandika, kabureta imeziba. Nilipomaliza nikaijaribu kwenye kiwanja cha nyuma, na kandambili miguuni. Ikainamia kushoto, mguu ukatoka wenyewe kwenda chini, kama nilivyozoea kwenye pikipiki. Tairi la nyuma likapanda kisigino, likanivuta. Kandambili tuliichomoa kwa bisibisi kati ya tairi na madigadi. Mama yako aliukanda mguu huo wiki mbili kwa maji ya chumvi, na kila asubuhi aliniuliza kama leseni yangu niliinunua.

Kwa hiyo viatu vya kufunika, na miguu isitoke kwenye vikanyagio hata uione inayumba vipi. Mafuta yake yanasukumwa kwa kidole gumba, si kwa kuzungusha mkono. Mtu akishtuka akaukaza mkono, anajikuta ameongeza mwendo. Zunguka nayo polepole kwanza mpaka kidole kizoee.

Wakikwambia uitoe getini kwa njia ya lami, kataa. Matairi yale ni laini, yana upepo kidogo, yametengenezwa kwa mchanga na matope. Kwenye lami yanang'ang'ania, na kona ndogo tu inaweza kuiinua upande mmoja.

Nendeni maji yakipwa. Mchanga uliotoka kuachwa na maji ni mgumu, unaendesheka. Ule wa juu, mkavu, unameza tairi. Ila hapo chini ndipo wavuvi wanapofunga ngalawa, na kamba zao hulala mchangani, nyingine zimekazwa kabisa. Kwa mbali huzioni. Karibu na ngalawa, tembeza kama unapita msibani.

Mtani wangu niachie mimi. Tutakaa kivulini na mihogo yetu, akuhesabie mizunguko.

Helmeti za kukodi nyingi zinacheza kichwani, na inayocheza haina faida. Nitakutafutia yako Kariakoo. Pima kichwa kwa uzi, juu kidogo ya nyusi, unitumie urefu wake kwa sentimita. Na tafadhali usije na zile rasta nene za Pasaka. Suka twende kilioni, helmeti ikae.

Baba yako