Murray Sinclair: jaji wa 1988 au wa 2001?

Habari mkuu. Umekwama kwa sababu chanzo kimoja kinasema Murray Sinclair, yule Mwanishinaabe (mtu wa jamii mojawapo ya wenyeji asilia) wa Kanada, alipata ujaji 1988, kingine kinasema 2001, na hujui ufute kipi kwenye insha. Usifute chochote. Nami nilikwama hapo hapo nilipoandaa mada kuhusu tume za ukweli. Angalia kwanza jina la mahakama, ndipo uangalie mwaka. 1988 ni Mahakama ya Jimbo la Manitoba, na hakuna mtu wa jamii za asili aliyewahi kuwa jaji jimboni humo kabla yake. 2001 akapanda mahakama ya juu zaidi, tuseme kama Mahakama Kuu kwetu.

Ila nakuomba usiishie kwenye vyeo. 1988 hiyo hiyo alianza kuongoza, pamoja na jaji Alvin Hamilton, uchunguzi wa jinsi vyombo vya sheria vilivyowatendea wenyeji wa Manitoba. Soma humo habari za Helen Betty Osborne, binti Mcree (jamii nyingine ya wenyeji) wa miaka 19 aliyeuawa 1971. Ilipita miaka 16 kabla ya mtu yeyote kutiwa hatiani! Mimi ningeanzia insha hapo.

Tume ya Ukweli na Maridhiano aliyoiongoza kuanzia 2009 hadi 2015 ilisikiliza mashahidi zaidi ya 6,000 kuhusu shule za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji kwa lazima, ikatoa mapendekezo 94. Matano ya kwanza yote yanahusu ustawi wa watoto. Yasome hayo kabla ya mengine. Useneta (2016 hadi 2021) unatosha sentensi moja.