Si kila kinachomulika ni mionzi

Swali: "Mama yangu ana kisukari. Kliniki ya macho wamemwandikia kipimo cha OCT, na muuguzi akamweleza kwamba jicho 'litapigwa mionzi'. Mama ameingiwa na hofu. Mimi nilimwambia ni darubini tu, ndugu yangu akasema ni hadubini. Nani kati yetu kapatia?" Msomaji, Tanga.

Jibu: Hakuna aliyepatia, ila ninyi wawili mmekosea kidogo kuliko muuguzi. OCT ni kipimo kinachochora kwa mwanga tabaka za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira.

Darubini tuliipata kwa Waajemi: *dur* ni mbali, *bin* ni kuona. Ni chombo cha kuvuta vya mbali. Hadubini ina mkia uleule wa kuona, nayo hukuza vilivyo vidogo, kama vimelea vya malaria kwenye tone la damu. Maabara nyingi huviita vyote viwili darubini, na sigombani nao, maana anayepimwa malaria hawezi kudhani kwamba anaonyeshwa Zohali. Kosa lisilomdhuru mtu naweza kuishi nalo.

Kosa la muuguzi siwezi. Neno "mionzi" limekuwa gunia la kutilia kila kitu: mwanga, leza, mawimbi ya redio, hata sauti. Nasoma "mionzi ya ultrasaundi" kwenye mabango ya zahanati na damu inanichemka. Ultrasaundi ni sauti. Ni mtetemo unaopita mwilini kwa masafa ya megahezi 2 hadi 15 hivi, juu mno kuliko sikio linavyoweza kusikia, kisha hurudi kama mwangwi na kuchorwa kwenye skrini. Ile jeli baridi anayopakwa mjamzito tumboni ipo kwa sababu hiyohiyo: sauti ya namna hiyo haivuki hewa iliyo kati ya kifaa na ngozi. Mionzi ya eksirei haihitaji jeli. Chombo chenyewe kinakanusha jina kilichopewa, lakini bango bado linaning'inia.

Najua kosa lilikoanzia. Hospitali zetu zimeweka eksirei, CT (eksirei inayouzunguka mwili), ultrasaundi na MRI kwenye korido moja, na mlangoni pakaandikwa "Idara ya Mionzi". Mgonjwa akaamini kwamba kila kinachofanyika nyuma ya mlango ule ni mionzi, na wahudumu wakamfuata mgonjwa badala ya kumwelekeza. Humo ndani wenye mionzi ni eksirei na CT. MRI hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio.

Ubishi huu si wa maneno matupu. Katika Kiswahili cha afya na usalama, mionzi kwa kawaida ni ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu, na kwa hiyo inaweza kuharibu chembe za urithi. Ndiyo maana ya neno hilo kwenye "tiba ya mionzi" ya saratani, na ndiyo maana ya alama ya manjano yenye mabawa matatu meusi kwenye mlango wa chumba cha eksirei. Kung'oa elektroni katika tishu kunahitaji nishati ya elektronivolti 10 hivi. Fotoni, yaani punje moja ya nishati, ya eksirei ya kifua ina makumi ya maelfu. Fotoni ya mwanga wa OCT ina 1.5. Haifiki hata robo ya njia.

Ukiviita vyote mionzi, unaharibu kotekote. Mjamzito anakataa ultrasaundi ambayo ingeonyesha kondo la nyuma limeziba njia. Na aliyekwisha kuzoea kusikia kwamba "mionzi" ya ultrasaundi na ya mashine ya macho haina neno, huingia chumba cha eksirei kumshikilia mwanawe bila kudai aproni ya risasi.

Sasa turudi kwenye jicho la mama. Mashine ya OCT hutumia mwanga wa infraredi, ulio nje kidogo ya wekundu tunaouona, mara nyingi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 840 au karibu na hapo. Mwanga hugawanywa mara mbili: sehemu moja huingia jichoni, nyingine huenda kwenye kioo kilichomo ndani ya mashine. Zikirudi huunganishwa. Kwa kuwa mwanga huo ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali, miale miwili hupatana pale tu iliposafiri umbali ulio sawa, na kwa upatano huo mashine hujua kila tabaka la retina liko kina gani. Mwanga una kasi ambayo hakuna saa ya kielektroniki inayoweza kupima mwangwi wake ndani ya jicho, kwa hiyo njia ni hiyo ya kulinganisha. Mashine za kawaida hutofautisha tabaka zilizoachana kwa maikromita 5 hivi, yaani elfu tano za milimita. Kwa mgonjwa wa kisukari, kinachotafutwa hasa ni maji yaliyojikusanya katikati ya retina na kuifanya ivimbe.

Njia hii ilichapishwa mwaka 1991 na David Huang, James Fujimoto na wenzao, lakini chimbuko lake ni kwa wapima mwanga na nyota. Albert Michelson alikuwa akilinganisha miale miwili namna hiyo tangu miaka ya 1880, na mwaka 1920 yeye na Francis Pease walifunga vioo kwenye darubini kubwa ya Mount Wilson, Marekani, wakapima upana wa nyota ya Betelgeuse. Ukoo huo uko wazi pia kwenye vioo vinavyojikunja kurekebisha taswira. Horace Babcock alivipendekeza mwaka 1953 ili kuondoa mchezochezo wa hewa mbele ya nyota. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wakavigeuzia jicho la mtu aliye hai, wakaona seli mojamoja za retina zinazopokea rangi. Walichorekebisha hapo hakikuwa hewa, bali kasoro za konea (kioo cha mbele cha jicho) na lenzi.

Kwenye habari za anga gunia la mionzi limechanika kabisa. Kila darubini ya angani iitwayo Webb inapotoa taswira, naandikiwa kwamba "imenasa mionzi ya galaksi". Webb hutazama mawimbi ya maikromita 0.6 hadi 28 hivi, yaani ncha ya mwanga wa kuonekana na sehemu kubwa ya infraredi. Nanomita 840 za jicho la mama ni maikromita 0.84. Zimo humohumo! Kama Webb inanasa mwanga wa infraredi, na mama anamulikwa kwa mwanga wa infraredi, tuseme mwanga.

Anayetaka mionzi ya nyota ninayo, tena ina jina letu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu. Ilibidi ipande juu kwa sababu angahewa hufyonza eksirei zote kabla hazijagusa ardhi, na sisi tunaishi kwa hisani ya fyonzo hilo. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na kiongozi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Hapo andika "Uhuru ilinasa mionzi", nami nitakupigia makofi. Neno limekaa mahali pake.

Mtaniuliza kuhusu "mionzi ya jua". Hiyo nimeiachia. Wazee walisema hivyo kabla ya Röntgen kuigundua eksirei mwaka 1895, na neno la zamani haling'olewi kwa sababu mgeni amekuja na maana mpya. Ila ukiandika juu ya afya, sema miale ya jua, na ukikusudia ile inayounguza ngozi, itaje kwa jina: miale ya urujuanimno. "Mionzi ya leza" sikubali. Leza ni mwanga uliokusanywa, hudhuru retina zaidi kwa joto, na kinga yake ni kudhibiti nguvu na muda. Mashine ya OCT ya nanomita 840 kwa kawaida hupeleka jichoni chini ya miliwati 1. Kipimio cha oksijeni kinachobanwa kidoleni nacho ni taa mbili tu, nyekundu ya nanomita 660 na infraredi ya 940; kinadanganywa na kidole baridi, kutikisika na rangi nzito ya kucha, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha oksijeni zaidi ya iliyopo. Ukimwambia mgonjwa ni mwanga, ataelewa mara moja kwa nini afute rangi. Ukimwambia ni mionzi, ataficha kidole.

Kwa hiyo mwambieni mama hivi: "Utaweka kidevu kwenye kiegemeo na paji la uso kwenye utepe, utatazama alama moja bila kuhamisha jicho, na mwanga utapima tabaka za ndani kwa sekunde chache. Huguswi. Pepesa kabla hawajaanza, kwa sababu ukipepesa katikati taswira hukatika, na jicho likikauka huwa na ukungu." Kama ana mtoto wa jicho, awataarifu mapema: mwanga hauvuki vizuri, na taswira hafifu inaweza kutokana na lenzi, si retina. Kwenye daftari lenu andikeni "kipimo cha OCT, kwa mwanga". Na muuguzi akirudia neno lake, muulizeni kwa adabu kama yeye huvaa aproni ya risasi anapoiendesha mashine hiyo.