Mvua ikimeza maneno

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Mvua kubwa ikikufungia ndani, unajifurahisha na nini?" Wengi watawajibu kwamba wanalala, na siwalaumu. Mimi nasikiliza vitabu. Kusoma siwezi, maana kazi yangu ni cherehani. Nikishashinda kutwa nashona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, jioni macho hayataki hata kuona herufi.

Nakaa Kimara, Dar es Salaam, na mama yangu, kwenye nyumba ya bati isiyo na dari. Aliyewahi kukaa chini ya bati tupu keshajua shida iko wapi. Manyunyu ya vuli hayana neno, yanalia juu huko kama mtu anapepeta mchele. Masika ndiyo kazi. Mvua ya Aprili ikishuka hasa, hata ugomvi mnaahirisha, maana hamsikilizani. Nilijaribu hedifoni nikaziacha, kwa sababu mama akibaki nje ya hadithi ananuna mpaka kesho yake.

Mama ana presha ya macho. La kushoto limekwisha kabisa, la kulia linaona mwanga na vivuli tu. Yeye ndiye aliyetufundisha kusikiliza. Tulipokuwa wadogo, kipindi cha Mama na Mwana kikianza Radio Tanzania, hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Sasa zamu imegeuka, mimi ndiye ninayemtafutia simulizi na kuzipakua kwenye simu kabla bando halijaisha.

Ila kwake radi ina sheria zake. Kioo cha kabati kinafunikwa kanga, nguo nyekundu zinavuliwa, simu inazimwa. Hiyo ya simu tuliivutania masika mawili. Nikamweleza kwamba hatari iko kwenye waya: televisheni yenye antena juu ya bati, simu iliyochomekwa ukutani. Simu inayokula betri yake mezani haiiti radi. Mwisho tukaafikiana hivi: kila kilichochomekwa kinachomolewa, simu inabaki, na kioo kinafunikwa vilevile, kwa heshima yake.

Halafu tunahesabu. Mwanga wa radi anauona, hata kwa jicho hilo moja, na papo hapo anaanza: moja, mbili, tatu. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Akifika kumi na tano kabla ngurumo haijalia anasema, "Hiyo ya watu wa Mbezi." Ikimkatiza kwenye mbili tunazima kila kitu na hatusemezani. Hapo hata mimi fundi wa maelezo nakuwa nimekunja miguu kitandani.

Siku moja nilimwambia kwamba vitabu vya namna hii vilitengenezewa watu kama yeye. Uingereza, mwaka 1935, walianza kutoa santuri za vitabu kwa ajili ya wasioona, wakiwamo askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 25, na riwaya ya kawaida ilijaza santuri kama kumi. Kati ya vitabu vya mwanzo kabisa kilikuwamo Typhoon cha Joseph Conrad, habari za meli iliyokumbwa na kimbunga baharini. Mama akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa walipokuwa wanageuza santuri, mawimbi yalikuwa yanawasubiri?"

Sisi kimbunga chetu tulikisubiri Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza Hidaya, boti za Zanzibar zikasimama, nami nikajaza ndoo, nikachaji simu mbili, nikapakua simulizi ya saa tisa. Jumamosi tarehe 4 Hidaya akafika Mafia, nguvu zikamwishia. Kwetu Kimara ukawa upepo na mvua ya kawaida. Simulizi tuliimaliza yote, na mama alilalamika kwamba ameisikia vizuri mno.

Lalamiko hilo ndilo jibu langu kwenu. Zamani, mvua ikizidi, nilikuwa nasimamisha simu tunangoja ipungue. Siku moja mikono yangu ilikuwa imejaa unga wa chapati, nikashindwa kuigusa. Msimulizi akaendelea kusema chini ya ile kelele, sisi tunaona tu taa ya simu. Bati lilipotulia tulikuta mwanamke wa kwenye hadithi keshahama kwa mumewe na anauza samaki Bagamoyo. Kafikaje? Nilitaka kurudisha nyuma. Mama akasema ngoja, akanisimulia mwenyewe yaliyotokea katikati: shemeji, deni, sufuria iliyovunjwa mpini. Baadaye nikasikiliza peke yangu. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba mwanamke alichoka tu, akaondoka. Sufuria ya mama ilikuwa bora.

Tangu hapo tunaiachia mvua imeze inachotaka. (Kabla ya yote lakini tunampigia dada yangu. Anakaa Kigogo, upande wa bondeni, na Mto Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu, kwa hiyo maji yanaweza kumfikia hata kama kwake haijadondoka tone. Akisema godoro limeshapanda juu ya meza, siku hiyo hakuna hadithi. Najua starehe hii ni ya watu wa mlimani.)

Masika iliyopita tulikuwa na simulizi ya ndugu watatu wanaogombea shamba la baba yao. Hati imepotea, kila mmoja anamtupia mwenzake macho, mganga keshaitwa. Msimulizi akasema, "Aliyeichukua hati hiyo alikuwa..." na mvua ikashuka yote kwa mkupuo. Dakika kumi na moja, niliziangalia kwenye simu. Iliposita ndugu walikuwa wameshapatana na wanachinja mbuzi.

Mama anasema ni mdogo, kwa sababu alikuwa anaongea kwa upole kupita kiasi. Mimi nasema ni baba mwenyewe alizikwa nayo. Tumebishana mpaka Ramadhani, wageni wakija futari wanaelezwa kesi nzima wapige kura. Juzi nilichukua simu nikasikilize ile sehemu kimyakimya bafuni. Mama, asiyeona, akauliza kutoka sebuleni, "Unapeleka wapi simu yangu?"