Re: Fanesi ya gesi inawaka sekunde chache inazima, naweza kuisafisha mwenyewe?

Kaka hapo Minneapolis usiku ni baridi kweli, pole. Hiyo ya fanesi (mtambo wa kupasha nyumba joto) kuwaka kidogo halafu vichomeo vya gesi vinazima mara nyingi ni sensa ya moto imechafuka, kale kafimbo kembamba kanakokaa ndani ya moto, kakishika utando, bodi ya umeme inayoongoza fanesi inadhani hakuna moto inakata gesi. Zima kwanza temostati (kile kifaa cha ukutani cha kuweka joto), zima swichi ya umeme pembeni ya fanesi, funga valvu ya gesi (mkono wake ukae mkingamo wa bomba), subiri ipoe. Fungua skrubu, mara nyingi ni moja tu, chomoa sensa, isugue taratibu na stilwulu (sufi ya chuma) laini, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Usitumie msasa mkali na usishike ile sehemu ya kauri kwa nguvu, inapasuka kirahisi.

Filta ya hewa nayo angalia, mshale ulio juu yake uelekee kwenye fanesi, maana wengi wanaiweka kinyume. Na kama bomba la moshi linatokea ukutani toa theluji isilizibe.

Ila bwana, kufungua valvu ya gesi iliyo ndani ya fanesi na chemba ya chuma inayopasha hewa usijaribu, hapo lipa fundi mwenye leseni. Moto ukiwa wa njano badala ya bluu, zima uite fundi. Kengele ya kaboni monoksaidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) ikilia, au ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toa watoto nje ndo upige 911, namba ya dharura, ukiwa huko nje. Hiyo kengele unayo lakini? Weka karibu na vyumba vya kulala.