Kanzu ya CJ isubiri, anza na fulana

Vijana wa hapa Lamu wakishajua kwamba nabadilisha nguo za CJ, mhusika mkuu wa gemu la kompyuta la GTA San Andreas, ombi lao huwa moja: "Kaka, nifundishe nimvalishe kanzu." Nawaambia wote, kanzu isubiri. Chini ya kiuno CJ ameundwa kwa miguu miwili iliyoachana, na picha unayochora hubandikwa juu ya umbo hilo tu, haizibi nafasi iliyo katikati. Ipake nyeupe upendavyo, utapata mtu wa suruali nyeupe. Kanzu inadai umbo jipya litengenezwe kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, kisha lifungwe kwenye mifupa ya mhusika ili pindo lifuate hatua zake. Anayeanza huko huchoka kabla hajaona matunda.

Chukua ile fulana nyeupe isiyo na mikono ambayo CJ huanza nayo gemu. Picha yake imo kwenye faili la vest.txd, ndani ya player.img, kwenye folda ya models. Litoe kwa programu ya kufungulia mafaili ya IMG, lifungue kwa Magic.TXD, toa picha kama PNG, halafu uichore kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Programu hizi ni za bure, gharama yako ni bando. Jioni moja inatosha kuzizoea. Kinachotaka subira ni mchoro wenyewe.

Kwa nini nyeupe? Kwa sababu mikunjo na vivuli vya fulana vimeshachorwa ndani ya picha ya asili. Ukimwaga rangi juu yake unavifuta vyote, na CJ anaonekana kama amepakwa rangi ya mashua. Badala yake, weka tabaka jipya (layer) juu ya picha ya asili, chora nakshi yako hapo, halafu ubadilishe namna ya tabaka hilo iwe Multiply. Mikunjo itajitokeza chini ya rangi yako, na nguo itaonekana imeshonwa. Fulana nyeusi haikupi nafasi hiyo, maana Multiply hutia giza tu, haing'arishi.

Kabla ya nakshi yoyote, chora miraba yenye herufi juu ya picha nzima, irudishe ndani ya vest.txd na kwenye gemu (njia iko chini), umzungushe CJ umtazame mbele, mgongoni na mbavuni. Utajua A imeangukia wapi na F imevutwa kiasi gani. Wengi huiruka hatua hii kwa pupa, halafu wanashangaa mstari wa kifuani haukutani na wa mgongoni.

Mimi napenda kuanza na kikoi, kwa sababu uwanja wake unaweza kuwa wa rangi moja na milia ikakaa pembeni. Weka milia kwenye ukingo wa chini wa fulana na uhakikishe inakutana ubavuni. Ukipiga picha kikoi halisi, kitandaze kivulini. Jua la mchana wa baraza litakuletea vivuli ambavyo havina kazi kwenye gemu. Milia isiwe myembamba mno. Picha ikifinywa kwa DXT1, njia ya kupunguza uzito wa picha za gemu, hugawanywa katika vijiraba vya nukta (pixel) 4 kwa 4, na kila kijiraba huhifadhi rangi mbili za msingi tu. Nyingine hubuniwa kati ya hizo mbili. Nyekundu, njano na kijani zikibanana humo, hutoka tope. Ndiyo maana pia ile tarizi ya kofia zetu, inayoshonwa tundu kwa tundu, haifai kunakiliwa nzima. Chagua ua moja, likuze, liweke kifuani.

Ukiridhika, mlishe CJ pale Cluckin' Bell, mkahawa wa kuku ndani ya gemu, mpaka anenepe, utazame tena. Nguo zake zina maumbo tofauti kwa mwili wa kawaida, mnene na wa misuli, na picha ni ile ile moja, kwa hiyo ua lililokaa vizuri kwa mwembamba huweza kutanuka tumboni kwa mnene. (Anavyokula, usisahau kuhifadhi gemu kwanza. Akizidisha anatapika.)

Usiandike juu ya player.img ya asili. Tumia Mod Loader, programu inayoingiza mafaili yako bila kugusa ya asili: ndani ya folda yake ya modloader tengeneza folda yako, ndani yake nyingine iitwayo player.img, uweke vest.txd humo. Ukichoka, futa folda yako na fulana nyeupe inarudi. Picha ibaki na ukubwa na fomati uliyoikuta.

Na kabla ya haya yote, tazama toleo ulilonalo. Modi nyingi za zamani, yaani mabadiliko ya gemu kama haya yetu, zilitengenezewa toleo la 1.0 la kompyuta. Definitive Edition, toleo lililoundwa upya mwaka 2021, inaendeshwa na Unreal Engine, na haya mafaili ya TXD haiyatambui kabisa.