Watu hawaogopi seva, wanakataa kufungiwa

Ndugu yangu unasema wananchi hawaamini seva za uchaguzi, zile kompyuta kuu za kuhifadhi matokeo, juu hawajasoma, hapo nakataa kabisa. 2017 Mahakama ya Juu Kenya iliamuru tume ya uchaguzi, IEBC, wafungue seva zikaguliwe, hawakutii vile ilitakiwa na tarehe 1 Septemba matokeo ya urais yakafutwa. Raila Odinga, mgombea aliyepinga matokeo hayo, alikuwa ashasema "vifaranga vya kompyuta", yaani viongozi waliototolewa na kompyuta badala ya kura, neno likashika moto maana hakuna mtu alionyeshwa kitu, lawama zikavuka mpaka Ufaransa kwa kampuni iliyouza mitambo ya uchaguzi, na 2019 bunge likapiga kura kampuni hiyo ifungiwe kufanya kazi Kenya miaka 10. Sasa angalia 2022, fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, ziliwekwa kwa tovuti kila mtu azione, mimi na kaka yangu tulikaa na simu na daftari mpaka saa nane usiku tukijumlisha kituo baada ya kituo, namba zimeandikwa kwa kalamu, sahihi za maajenti ziko pale chini, unaona hadi mahali mtu amekata akaandika upya. Kesi zilienda kortini bado, lakini angalau tulikuwa tunabishana juu ya karatasi tumeiona kwa macho yetu.